Wakenya Wanasoma, Ni Kitabu Chako Ndicho Hawakitaki

Wacha niseme hili leo, na mwenye kununa anune. Kila mwezi kuna mwandishi mchanga anaposti picha ya kitabu chake kipya, na wiki tatu baadaye anaposti malalamiko kwamba Wakenya hawasomi. Kwenye komenti hakosi mwerevu mmoja wa kuleta ule msemo uliochakaa, eti ukitaka kumficha Mwafrika kitu kiweke ndani ya kitabu. Watu mia wanacheka. Hakuna anayeuliza: kwani hicho kitabu kilikuwa kinasema nini?

Mimi nina haki ya kuuliza kwa sababu niliandika kimoja cha aina hiyo. Mwaka wa 2022 nilikuwa na miaka 24, na nikaandika kitabu cha kufundisha watu jinsi ya kufaulu maishani. Ndiyo, miaka 24. Nilikuwa sijafaulu chochote. Kampuni moja, jina siitaji, ikaniuzia kile wanachoita pakeji: uhariri, jalada, ISBN na ushauri wa soko, shilingi 45,000. Kuchapisha kukawa kando, nakala 300 kwa shilingi 280 kila moja, yaani 84,000. Mama aliuza ng'ombe wa maziwa. Mjomba akaongezea. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kwenye jalada nimevaa suti ya kuazima, bei shilingi 1,000.

Ushauri wa soko uliokuwa ndani ya pakeji ulikuwa mmoja tu: alika mheshimiwa. Basi tukazindua hotelini, Bungoma mjini. MCA mmoja alifika saa tatu baada ya wakati, akanunua nakala ya kwanza kwa elfu kumi, akapigwa picha, akaondoka. Nakala yake tuliipata kwenye meza tukipanga viti. Siku hiyo zilitoka nakala 71. Miezi minane iliyofuata, 15.

Ile ilikuwa harambee, tena ya kawaida kabisa, ila badala ya risiti watu walipewa kitabu. Na harambee hairudiwi. Mtu akishakuchangia amemalizana na wewe.

Nilikasirikia wasomaji karibu mwaka mzima. Leo hasira yangu iko kwa wale wanaotuuzia kozi za "andika kitabu kwa siku 30" na pakeji za uandishi. Hebu fikiria biashara yao ilivyo. Mteja wao ni mwandishi. Mwandishi akishalipa, wao wameshakula, kitabu kiuzwe kisiuzwe. Ndiyo maana hawakuulizi nani atakisoma. Wanakuuliza unataka jalada la kung'aa au la kawaida. ISBN wanaitaja kama baraka ya askofu, na kumbe ni namba tu inayotolewa na KNLS, maktaba ya taifa, ili kitabu kitambulike. Namba haijawahi kumshawishi mtu wa Kimaeti atoe pesa mfukoni.

Sasa hiyo habari ya kutosoma. Huku kwetu Bumula mzee wa heshima akifariki, kuna koo zinazomwita omuswala kumuse baada ya mazishi. Mtu mmoja anasimama, anazungumza saa nyingi, bila karatasi: historia ya Babukusu, koo, vita, maonyo kwa wanaobaki. Umati unakaa kwenye nyasi unasikiliza. Hakuna hadithi ya kubuni pale, ni mambo ya kweli matupu, na hakuna anayechoka. Halafu uniambie watu hao hao hawapendi maarifa?

Nenda kwenye nyumba za wazee uone. Kitabu cha F. E. Makila juu ya historia ya Babukusu kilitoka mwaka wa 1978. Mimi nakala halisi nimeishika mara moja tu. Fotokopi zake nimeziona nne, moja imeshonwa kwa uzi wa gunia, kurasa zingine hazisomeki tena kwa kunakiliwa kutoka kwa nakala ya nakala. Mtu akilipia fotokopi ya kitabu kizima ukurasa kwa ukurasa, huyo ni mnunuzi anayetafuta muuzaji. Tenzi za Rohoni kiko karibu kila nyumba ya kanisa na sijawahi kusikia kimezinduliwa hotelini. Kule Karatina, Gakaara wa Wanjau alikuwa akitoa vijitabu vya Kikuyu tangu kabla ya hali ya hatari ya 1952, na wakoloni waliviogopa kiasi cha kumweka kizuizini miaka mingi. Serikali haifungi mtu kwa kuandika kitu kisichosomwa.

Mwaka jana baba alifariki. Hapo ndipo nilipogundua kwamba shamba letu bado lina jina la babu, aliyefariki mwaka wa 1994. Tukaanza saksesheni bila kujua lolote. Nilienda kwa chifu, nikatumwa kortini, kortini nikarudishwa kwa chifu, kila safari ni nauli. Mwenye saiba alinidai 500 kuchapa fomu, na fomu yenyewe ikawa si hiyo. Kwenye foleni nilikuwa nakutana na watu wale wale, wa Mateka, wa Kabula, wa Mayanja, wote na maswali yale yale. Nikawa naandika majibu kwenye daftari.

Hilo daftari ndilo kitabu changu cha pili. Kurasa 48, Kiswahili, karatasi ya kawaida, pini mbili katikati. Barua ya chifu iwe na majina ya warithi wote. Tangazo likitoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kuna siku 30 za pingamizi. Ukishapewa hati ya usimamizi, kwa kawaida unangoja miezi sita kabla haijathibitishwa. Kuuza kipande cha shamba la marehemu kabla ya hati ni kosa la jinai, kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi. Na ukurasa wa 19: sheria hiyo, iliyoanza kutumika mwaka wa 1981, haimtengi mtoto wa kike, awe ameolewa au hajaolewa. Kabla ya kuchapisha nilimlipa wakili akisome. Alinipigia mistari myekundu kwenye kurasa 11, nikarekebisha zote. Hiyo ndiyo pesa bora niliyowahi kutumia kwa uandishi.

Kuchapisha hapa hapa Bungoma ni shilingi 60. Nauza 150. Anayeniuzia anabaki na 30, mimi 60. Nilianza na nakala 200, zikaisha kwa wiki tano. Hadi leo zimetoka 1,140. Piga hesabu utaona ng'ombe wa mama bado hajarudi, lakini anakuja.

Sikufanya uzinduzi. Nilipeleka nakala kumi kumi mahali ambapo swali linaulizwa: kwa mama wa vifaa vya kuandikia karibu na korti, kwa saiba mbili, kwa vyama vya akina mama. Kwenye video zangu najibu swali moja kila wiki, nalijibu lote, bure, simfichi mtu jibu eti anunue kwanza. Wanaonunua ndio wale waliosikia jibu wakataka kulishika mkononi. Bodaboda mmoja hubeba nakala tano chini ya kiti, kwa sababu abiria wa kwenda kortini anajulikana tu kwa bahasha. Kwenye matanga siuzi. Nimeshauriwa na watu wengi, nimekataa.

Kuna dada wa upande wa Siboti alinipigia simu jioni moja. Kaka zake walimwambia jina lake haliwezi kuingia kwenye barua ya chifu kwa kuwa aliolewa. Alienda kwenye kikao na kijitabu, akamwomba mdogo wao, aliye kidato cha tatu, asome ukurasa wa 19 kwa sauti. Kesi haijaisha, na kaka mkubwa hamsalimii. Lakini jina limeingia. Kile cha suti ya kuazima hakikuwahi kuletea mtu yeyote ugomvi wa maana.

Najua mtanijibu. Wa kwanza atasema hicho si kitabu. Kweli, kwa kipimo cha UNESCO cha mwaka wa 1964 kitabu kinaanzia kurasa 49, kwa hivyo nimekosa kwa ukurasa mmoja. Wa pili atasema vitabu ni ghali kwa sababu ya VAT ya asilimia 16 iliyoletwa na sheria ya 2013. Hapo naungana naye kabisa, ile kodi ni aibu. Lakini ondoa kodi yote kwenye kitabu cha kijana wa miaka 24 anayefundisha wazee kufaulu, bado hakitatoka. Wa tatu atasema si kila mtu aandike mambo ya korti. Sawa. Andika jinsi ya kutambua mbegu bandia za mahindi. Andika mkulima wa miwa asome nini kabla ya kutia sahihi mkataba. Nenda ukae na wazee uandike koo za kwenu kabla hawajaisha, watu wanalipia fotokopi zisizosomeka. Tafuta swali ambalo mtu tayari anatumia nauli kwenda kuliuliza, na ujue jibu kweli kweli, kisha utafute jalada.

Nakala 214 za kile cha kwanza bado ziko kwenye katoni chini ya kitanda. Mama wa mandazi pale stendi anazitaka za kufungia. Bei bado hatujaelewana.