Tabia ya Mtoto: Maumbile, Malezi au Njaa?

Haipiti siku mzazi asitoe hukumu juu ya mwanawe. Huyu mpole, huyu mtukutu, na yule mzito, hana lake. Hukumu hizo hutolewa mtoto angali mkekani, kisha zikamfuata chuoni, shuleni na hata kazini. Kwa hivyo yafaa tuulize: je, mtoto huzaliwa na tabia yake, ama ni sisi tunaompa?

Wazee wetu walilijibu swali hili kwa pande zote mbili. Walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wao hao hao wakasema mwana wa nyoka ni nyoka. Katika dini yetu twafundishwa kwamba kila mtoto huzaliwa katika fitra, na wazazi ndio wamwelekezao huku au kule. Hata hivyo, Abu Daud amesimulia habari za Ashajj, kiongozi wa ujumbe wa kabila la Abdul Qays, ambaye Mtume (S.A.W.) alimsifu kwa mambo mawili apendayo Mwenyezi Mungu: upole na kutofanya pupa. Ashajj akauliza kama sifa hizo amezichuma mwenyewe au ameumbiwa. Alipojibiwa kuwa ameumbiwa, alimshukuru Mola wake. Basi yako yatokayo kwenye umbo, na yako yatokayo kwenye malezi.

Wataalamu wa leo hawakufika mbali na hapo. Mwaka 1956 madaktari wawili wa New York, Alexander Thomas na Stella Chess, walianza kuwafuatilia watoto 133 tangu uchanga. Waliwakuta watoto wepesi kulea, watoto wagumu, na wengine wazito wa kuzoea mambo mapya, ijapokuwa wengi hawakuingia sawasawa katika fungu lolote. Lililo kubwa ni hili: waliona kuwa taabu haitokani na umbo la mtoto peke yake. Hutokea pale umbo hilo na malezi yanapokataa kupatana.

Mfano wa jambo hilo tunao hapa hapa Kenya. Wakati wa ukame wa mwaka 1974, mtaalamu Marten deVries aliwapima watoto wachanga wa Kimaasai, akawachagua kumi wapole kabisa na kumi wasumbufu kabisa. Aliporudi baadaye, familia nyingi zilikuwa zimehama kutafuta malisho. Katika wapole saba aliowapata habari zao, watano walikuwa wamekufa. Katika wasumbufu sita, aliyekufa ni mmoja. Idadi ni ndogo, lakini yatosha kutufikirisha. Mtoto aliaye hunyonyeshwa, anyamazaye husahauliwa. Tabia tuiitayo mbaya katika nyumba yenye chakula huenda ikawa ndiyo kinga katika nyumba yenye njaa.

Twende sasa Meru na Embu, chini ya Mlima Kenya. Mtu wa Pwani akisikia Meru hukumbuka miraa, na huenda akaongeza kwamba watu wa huko ni wepesi wa hasira. Lakini ukiyasikiliza majina ya Kimeru utakuta habari nyingine. Makena ni mwenye furaha, Kawira ni mchapa kazi, Mutethia ni msaidizi, Mugambi ni msemaji na mwamuzi. Jamii ambayo hutaja tabia nyingi hivyo katika majina ya watoto wake yajua vyema kwamba watu hawaumbwi kwa kalibu moja. Huko Embu mtoto hurithi jina la babu au nyanya, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi za kwetu, na jamaa hawakawii kusema kuwa amemchukua mzee wake.

Embu ina funzo jingine, nalo ni zito zaidi. Kati ya mwaka 1984 na 1986, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, miongoni mwao Profesa Nimrod Bwibo na Profesa Charlotte Neumann, waliwachunguza watoto wa tarafa ya Kyeni. Ukame wa 1984 ukawakuta kazini. Chakula kilipopungua, wazazi walijitahidi kuwakinga wadogo, lakini watoto wa shule walibadilika. Uwanjani walipunguza kucheza, na darasani walipunguza kusikiliza. Mwalimu mgeni angaliweza kuapa kwamba hao ni wavivu wa kuzaliwa.

Mwaka 1998 uchunguzi mwingine ulianzishwa huko huko katika shule 12 za msingi. Watoto wengine walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyozidishwa mafuta, na kundi moja halikupewa kitu. Waliokula nyama ndio waliozidi kuchangamka uwanjani, kuanzisha michezo na kuwaongoza wenzao, na mtihani wa kufikiri waliuendeleza kuliko wengine. Umbo lao lilikuwa lile lile. Kilichozidi ni kitoweo.

Hatusemi kwamba tabia yote ni chakula. Mama aliyelea watoto watano kwa sufuria moja anajua kuwa hawakutoka sawa. Tunachosema ni kwamba neno "kuzaliwa" linatumiwa kwa pupa. Mara nyingi huwa ni njia ya kujivua lawama: tukiisha kusema mtoto ndivyo alivyo, hatuna haja ya kuuliza kama amekula, kama anasikia vizuri, au kama ameogofywa.

Sisi watu wa Pwani tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona kosa hili, kwa kuwa tumelionja. Ni mara ngapi tumeambiwa na wenzetu wa bara kwamba mtu wa Pwani ni mvivu kwa asili? Hukumu ile ituumayo tunapoisikia juu yetu ndiyo tuitoayo juu ya Wameru, na ndiyo tumtoleayo mtoto wa miaka sita ambaye amekwenda chuoni kwa chai kavu na hawezi kuihifadhi sura yake. Mara nyingine huongezewa bakora, ijapokuwa viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya tangu mwaka 2001.

Wazazi na walimu hawana budi kumjua kila mtoto kwa umbo lake. Aliye mzito wa kuzoea apewe muda. Aliye mkali apewe kazi ya kumchosha na maneno ya kumtuliza. Na mpole asisahauliwe kwa sababu tu hasumbui. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini mkunjaji sharti amjue samaki wake, asije akamvunja. Na kabla ya kumwita mtoto mvivu, na tumuulize kwanza jana usiku alilala amekula nini.