Viumbe wa Bogoria wasituponyoke mara ya pili

Majuzi nilipita katika soko la mitumba la hapa mjini Eldoret (naomba radhi, tangu Agosti 2024 sisi ni jiji) nikamkuta kijana muuzaji akibishana na mteja juu ya suruali ya jinzi iliyopauka magotini. Mteja alidai punguzo la bei kwa kuwa suruali ilikuwa imechakaa. Muuzaji, ambaye aliijua kazi yake, alimweleza kwa upole kwamba haikuchakaa hata kidogo. Ilitoka kiwandani ikiwa vivyo hivyo, na huo ndio mtindo. Walielewana bei, nami nikaenda zangu nikiwa na uchungu moyoni ambao wawili hao hawangeweza kuuelewa.

Uchungu wangu ni huu. Hapo zamani viwanda vilipausha jinzi kwa kuzifua pamoja na mawe mepesi ya volkeno. Kazi hiyo sasa hufanywa kwa kiasi kikubwa na vimeng'enya, yaani kemikali ambazo viumbe hai hutengeneza ili kumeng'enya chakula chao. Kuna kimeng'enya kinachokula utando wa juu wa nyuzi za pamba na kuiachilia rangi ya buluu itoke. Na miongoni mwa viumbe waliochunguzwa kwa ajili ya kazi hiyo ni bakteria waliotolewa katika Ziwa Bogoria, huko Baringo, mahali ambapo mtu akiondoka Eldoret alfajiri, akapitia Iten, akateremka Bonde la Kerio na kupanda Kabarnet, atafika kabla ya chakula cha mchana.

Habari yenyewe si ngeni. Sampuli zilichukuliwa mwaka 1992 na watafiti waliotoka Uingereza. Baadaye bakteria hao wakawa msingi wa bidhaa za kampuni ya Genencor ya Marekani, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilijitokeza hadharani kudai sehemu ya faida. Magazeti yaliandika, wanasiasa walipaza sauti, na hoja ya kibali, nani alikuwa nacho na kilimruhusu kufanya nini, ilizungumzwa hadi ikachosha. Mwaka 2006 serikali ilitoa kanuni za kusimamia uchukuaji wa mali ya aina hiyo. Mwaka uliofuata KWS ilitia sahihi mkataba na kampuni nyingine, Novozymes ya Denmark, safari hii kwa makubaliano ya kugawana mapato. Mwaka 2014 Mkataba wa Nagoya ulianza kutumika. Hayo yote ni mema, nami sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu ni kwamba tumeifanya habari ya Bogoria kuwa habari ya wizi tu. Tunazungumza kana kwamba ziwa lile ni ghala lililofungwa kwa kufuli, ambamo mali imepangwa rafuni, na kazi yetu ni kumkamata mwizi mlangoni. Sivyo. Mali yenyewe haikai mahali pamoja wala haibaki vile ilivyokuwa jana.

Aliyewahi kusimama kando ya chemchemi za Loburu atakumbuka jinsi maji yalivyokuwa yakitokota ardhini, wageni wakichemshia mayai humo na kupigana picha. Lakini wachache waliinama kutazama matope yaliyokuwa pembeni mwa vijito. Karibu na kinywa cha chemchemi, ambapo joto hukaribia digrii 95 au kupita, huoni rangi ya kijani, kwa sababu joto likishapita digrii 73 hivi hakuna kiumbe ajulikanaye anayeweza kutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Wanaoishi hapo hula kemikali zinazotoka ardhini. Ukiteremka hatua chache, maji yakipoa kidogo, utando wa kijani huanza kuonekana juu ya tope. Ukiteremka zaidi hugeuka rangi ya machungwa, kisha kahawia. Kila rangi ni kijiji chenye wakazi wake. Kijito kikibadili mkondo kwa hatua mbili, au mvua ikinyesha na kuyapoza maji, kijiji kimoja hufa na kingine huhamia. Mabadiliko hayo huweza kutokea kwa siku chache tu, na mengine huchukua miaka mingi.

Wenzetu wa nchi nyingine wamelitambua jambo hili, nao hawachoki kurudi palepale. Katika bahari iliyo kaskazini mwa Norway iko volkeno ya matope iitwayo Håkon Mosby, kwenye kina cha zaidi ya mita 1,200. Hiyo haitoi moto bali hutapika tope na gesi ya methani. Watafiti waliirudia mwaka baada ya mwaka, wakaona kwamba tope jipya linapotoka chini huwa na wakazi haba, kisha polepole huja bakteria wanaokula methani kwa kutumia oksijeni, na baada ya miaka mingi ndipo hujengeka jamii ya viumbe wanaoila methani hiyo bila oksijeni, wakishirikiana na bakteria wanaotumia salfeti. Viumbe hao huizuia sehemu ya gesi isifike juu na kuzidisha joto la dunia. Mtu aliyekwenda huko mara moja tu angeandika kwamba hapana kitu, akarudi nyumbani akiwa ameridhika.

Sasa tujiulize, sisi tumekwenda Bogoria mara ngapi, mahali palepale, kwa vipimo vilevile? Sisemi kwamba hatuna wataalamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja wamechapisha kazi nzuri kuhusu bakteria wa Elmenteita na Magadi. Lakini kwa kadiri nilivyosoma, nyingi ya kazi hizi ni za safari moja au mbili: mwanafunzi hupata fedha kidogo, hujaza chupa zake, huandika tasnifu, hufuzu, na chupa husahaulika kwenye jokofu ambalo umeme hukatika. Hiyo ni picha moja ya harusi iliyodumu siku saba.

Na hasara imekwisha kuanza. Tangu miaka ya mwanzo ya 2010 maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, na mwaka 2020 mafuriko yalipozidi, barabara, ofisi za lango la Loboi na chemchemi nyingi za Loburu zilifunikwa. Waandishi walihesabu nyumba na shule zilizozama, na ilikuwa haki yao kufanya hivyo. Ila vijiji vile vya rangi niliyovitaja, vilivyokuwa vimezoea maji yachemkayo, vilijikuta chini ya maji ya ziwa yenye magadi na yasiyo na joto lile. Nani aliandika walikuwa akina nani kabla ya maji kuja, na ni nani waliochukua mahali pao?

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo la kifahari, la watu walioshiba. Ningewaomba wawafikirie flamingo. Ndege hao, wanaowaleta watalii Bogoria na Nakuru, huishi kwa kula viumbe wadogo wa kijani wa jamii ya bakteria waitwao Arthrospira. Maji ya mvua yakizidi na magadi yakapungua, chakula hicho hupungua, na ndege huhama. Isitoshe, mwaka 2003 watafiti walitangaza kwamba baadhi ya bakteria wa utando wa chemchemi za Bogoria hutoa sumu, na kwamba sumu hiyo ilihusika katika vifo vya flamingo vilivyokuwa vimewatatiza wengi. Ziwa hilo tangu 2011 ni sehemu ya Urithi wa Dunia. Mtunza mbuga asiyejua kinachobadilika ndani ya tope atajua kuna tatizo siku ile atakapoanza kuokota mizoga.

Tena wafikirie mfano wa Yellowstone huko Marekani. Katika chemchemi za mbuga hiyo, mwaka 1966, mwanasayansi Thomas Brock alitoa bakteria anayevumilia joto kali. Kimeng'enya chake ndicho kilichowezesha njia ya kurudufisha chembe za urithi, iliyompatia Kary Mullis Tuzo ya Nobel mwaka 1993, na ambayo haki zake ziliuzwa kwa dola milioni 300. Mbuga yenyewe haikupata kitu. Wakenya waliochomekwa kijiti puani mwaka 2020 kupimwa korona walipimwa kwa njia hiyo. Wamarekani nao waliponyokwa, lakini wao waliendelea kurudi kwenye chemchemi zao kila mwaka, kwa hiyo wanajua wana nini.

Naomba basi jambo moja, nalo nalielekeza kwa vyuo vyetu viwili vya hapa Uasin Gishu. Chuo Kikuu cha Moi ndicho chenye kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichojengwa 1976, kikaanguka, kikanunuliwa na chuo mwaka 2007 na kuzinduliwa upya mwaka 2019. Viwanda vya nguo kote ulimwenguni hununua vimeng'enya kwa ajili ya kuondoa wanga katika vitambaa na kuvilainisha. Ni chuo gani kingine duniani chenye kiwanda cha pamba upande huu na chemchemi zenye bakteria wa aina hiyo upande ule wa bonde? Chuo Kikuu cha Eldoret nacho kina walimu wa biolojia na wanafunzi ambao wengi wao ni wazaliwa wa Baringo na Kerio. Wachague vituo kumi, vingine vilivyosalia nchi kavu na vingine vilivyozama. Waende mara nne kwa mwaka, masika na kiangazi, wapime joto na magadi, wachukue tope, na sampuli zihifadhiwe hapa, kwa jina la Kenya, katika jokofu lenye jenereta. Gharama yake haifikii bei ya gari moja kubwa la mheshimiwa.

Na kazi hiyo isifanywe kwa kuwaruka Waendorois. Hao walihamishwa kando ya ziwa lile katika miaka ya 1970 ili hifadhi ianzishwe, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba walidhulumiwa, uamuzi uliotangazwa Februari 2010 na ambao utekelezaji wake umekwenda kwa mwendo wa kinyonga. Wazee wao wanakumbuka chemchemi ipi ilitokota wapi, ipi ilikauka mwaka gani, na tope lipi lilikuwa na rangi gani kabla ya maji kupanda. Mtafiti mwenye darubini hawezi kuurudisha nyuma mwaka 1985, bali mzee aliyechunga mbuzi pale anaweza kumwonyesha kwa fimbo mahali pa kusimama. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na maji bado yako juu.