Mgeni wa Shamba na Mwenye Shamba



Tangu wageni wa hoteli waanze kuletwa Pemba kutazama mikarafuu, nimeulizwa mara nyingi kama yafaa tuwapokee. Wako wasemao tuwafukuze, na wako wasemao tuwafungulie kila njia. Mimi siungi mkono upande wowote, na sababu yangu nimeipata mbali, katika kisiwa cha Sicily, kusini ya Italia, katika Bahari ya Mediterania.

Huko mgeni haji kwa ajili ya pwani tu. Asubuhi hupelekwa soko la Ballarò mjini Palermo, akanunua zeituni na malimau, akala panelle, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa, ndugu wa bajia zetu. Mchana huenda shambani akafundishwa kupika na watu wa nyumba, na jioni huonjeshwa mvinyo. Mvinyo kwetu ni haramu, wala siutaji ili mtu autamani. Nautaja kwa kuwa zabibu ndiyo karafuu yao.

Na neno lenyewe si geni kwetu. Waislamu walianza kuiteka Sicily mwaka 827, na Wanormani wakamaliza kuwanyang'anya mwaka 1091, lakini maneno ya Kiarabu yalibaki. Katika kisiwa kidogo cha Pantelleria, baina ya Sicily na Tunisia, zabibu zao huitwa zibibbo, neno lile lile tulilolipokea sisi. Mizabibu hiyo hupandwa katika vishimo na kukatwa iwe mifupi ili upepo usiivunje, na mwaka 2014 UNESCO iliutia ukulima huo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Zabibu zikivunwa mwezi wa Agosti huanikwa juani siku nyingi, zikageuzwa kwa mkono, na mtu hutazama mawingu kwa wasiwasi. Ni nani kati yetu asiyeijua kazi hiyo? Wageni hulipa ili waitazame.

Lakini lililonivutia zaidi ni sheria. Italia ilitunga sheria ya utalii wa shambani mwaka 1985, ikaifanya upya mwaka 2006. Anayeruhusiwa kulaza na kulisha wageni kwa jina hilo ni mkulima. Ukulima sharti ubaki kazi kubwa kuliko wageni, na chakula kitoke zaidi katika shamba lake na kwa wakulima wa mkoa ule. Mwenye gari na mdomo tu hana nafasi humo.

Si kwamba mambo yao yote ni mema. Soko la Vucciria, mjini Palermo vile vile, mchoraji Renato Guttuso alilichora mwaka 1974 likiwa limejaa nyama, samaki na matunda. Leo wauzaji wa namna hiyo wamebaki wachache, na usiku pamekuwa mahali pa vinywaji na meza za wageni. Mama wa mtaa ule akitaka nyanya huenda kwingine.

Sasa turudi kwetu. Msimu uliopita gari la wageni lilisimama katika shamba la mzee mmoja, jirani yangu. Walipiga picha, mmoja akakanyaga karafuu zilizoanikwa jamvini, wachumaji wakaacha kazi kutazama. Kisha kiongozi wao akawauzia vipakiti vya viungo alivyotoka navyo mjini. Mzee aliambulia ahsante, na karafuu za kuchambua upya.

Rai yangu ni hii. Mgeni apokewe na mwanachama mwenye shamba, si na mpita njia. Bei isemwe kabla watu hawajashuka garini. Akila, ale mhogo wetu, ndizi zetu na samaki wetu, vilivyopikwa na watu wa nyumba ile, nao walipwe. Karafuu zenyewe haziuzwi kwa mgeni, hilo sote twalijua. Na siku ya uchumaji mkubwa, mvua ikitisha, wageni wasubiri barabarani, hata wakiwa wamelipa.

Watu wa magari watanuna. Wacha wanune, bila mikarafuu yetu hawana cha kuonyesha.

Jambo hili nitalileta katika mkutano ujao. Yule mzee atakuwapo, na nimemwomba aeleze mwenyewe.

Katibu