Upasuaji wa saratani ya mapafu: Matokeo huanza kuamuliwa Mbagala, si Upanga

Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, swali linalosikika zaidi, kuanzia vibaraza vya Mwananyamala hadi foleni za Temeke, ni moja: nani atalipa? Ni swali la haki. Upasuaji mkubwa wa kifua ni gharama ambayo familia nyingi haziwezi kuibeba bila kuuza kiwanja au kuchangishana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Lakini kwa mgonjwa wa saratani ya mapafu lipo swali jingine lisilopewa nafasi: siku atakapofika mbele ya daktari wa upasuaji, atakuwa katika hali gani?

Ndugu msomaji, jibu la swali hilo la pili ndilo linaloamua kwa kiasi kikubwa kama mgonjwa atarudi nyumbani salama na kuishi miaka mingi. Kadi ya bima inaweza kulipia chumba cha upasuaji, lakini haiwezi kurudisha miezi iliyopotea kabla ya kufika huko.

Tuseme ni baba wa miaka 58, mkazi wa Charambe, anakohoa mwezi wa pili sasa. Amekunywa dawa za duka la jirani, kisha akaenda kituo cha afya akapimwa makohozi. Kifua kikuu hakikuonekana, ila picha ya eksirei ikaonyesha doa kwenye pafu. Kwa kuwa Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu, mhudumu anamwanzishia dawa kwa kuangalia dalili na picha. Si kosa, mara nyingi uamuzi huo huokoa maisha. Tatizo huanza pale mgonjwa asipopata nafuu, na hakuna anayeuliza kwa nini. Miezi sita inakwisha, doa limekua.

Saratani ya mapafu si miongoni mwa zinazoongoza hapa nchini. Mlango wa kizazi, matiti na tezi dume ndizo tunazozisikia kila siku, na kwa sababu hiyo saratani ya mapafu haimjii mtu haraka kichwani. Dalili zake, yaani kukohoa, makohozi yenye damu, kukonda, homa za mara kwa mara na maumivu ya kifua, ni zilezile za kifua kikuu. Tena mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili.

Usiache dawa za kifua kikuu kwa sababu ya makala haya. Ila ukifikisha miezi miwili ya dawa na kikohozi hakijapungua, hasa kama makohozi yako hayakuonyesha vimelea tangu mwanzo, muulize daktari: “Doa kwenye picha limepungua? Kama halijapungua, naweza kupewa rufaa nikapige CT-Scan na kuchukuliwa kinyama?” Mwananyamala, Temeke na Amana ni hospitali za rufaa za mkoa, na rufaa ya kwenda Muhimbili inaweza kuanzia hapo. Mtu anayeuliza hivyo hajamkosea adabu daktari.

Kwa nini miezi ni muhimu kiasi hicho? Takwimu za kimataifa zinazotumika kupanga hatua za ugonjwa huu zinaonyesha kuwa waliopasuliwa wakiwa na uvimbe usiozidi sentimita moja, ambao haujasambaa, kama 90 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Kwa waliokutwa wamefika mwanzo wa hatua ya tatu, walikuwa kama 40. Hatua ya nne kwa kawaida haipasuliwi. Tiba yake ni dawa na mionzi.

Hapa ndipo penye ule msemo wa mitaani kwamba saratani haitaki kuguswa na kisu, kwamba ikiguswa inapata hewa na kusambaa. Kisu hakisambazi saratani kwa kuipa hewa. Watu wameamini hivyo kwa sababu ndugu zao wengi walipasuliwa wakiwa wamechelewa, ugonjwa ukiwa umeshatoka kwenye pafu, wakafariki miezi michache baadaye. Lawama ikaenda kwa kisu, na anayefuata akaogopa akachelewa zaidi.

Jambo la pili ni nguvu ya mapafu yanayobaki. Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili, na upasuaji wa kawaida wa saratani hii huondoa sehemu moja yenye uvimbe. Kuondoa pafu zima ni hatari zaidi. Kwa hiyo kabla ya yote mgonjwa hupulizishwa kwenye mashine kupima pumzi yake. Kabla mashine hizo hazijaenea, madaktari walimpandisha mgonjwa ngazi: akimudu ghorofa tatu bila kusimama, walikuwa na matumaini naye. Umri peke yake si kizuizi. Mzee wa miaka 70 anayetembea kila siku hadi sokoni Tandika anaweza kuvuka salama kuliko kijana wa 50 anayevuta pakiti kwa siku. Anayeishi na virusi vya Ukimwi na anayetumia dawa zake vizuri pia anaweza kupasuliwa.

Sigara iachwe, na ikiwezekana angalau wiki nne kabla ya upasuaji, ili mapafu yapate muda wa kujisafisha. Shisha haina nafuu yoyote. Mwaka 1933 huko St. Louis, Marekani, daktari Evarts Graham alifanikiwa kuondoa pafu zima la mgonjwa wa saratani, jambo ambalo halikuwa limefanikiwa hivyo kabla yake. Mgonjwa yule aliishi takriban miaka 30 zaidi. Graham mwenyewe, aliyekuwa mvutaji, alifariki mwaka 1957 kwa saratani ya mapafu.

Wengi, hasa akina mama, hawajawahi kushika sigara lakini wamevuta moshi wa mkaa na kuni miaka 40. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuweka moshi wa kuni majumbani kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Serikali, kupitia Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa leo hawezi kusubiri mwaka huo. Kama mmepanga nyumba ya uani na majiko ya mkaa yanapangwa koridoni, zungumzeni na majirani mapema, au mgonjwa akae kwa ndugu mwingine wiki za mwanzo. Wazazi, moshi huohuo ndio anaovuta mtoto mliyembeba mgongoni mkipika.

Hospitali nayo ina nafasi yake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulilinganisha hospitali zinazofanya upasuaji huu mara nyingi na zile zinazoufanya mara chache. Baada ya miaka mitano, asilimia 44 ya waliopasuliwa kwenye zile zenye uzoefu zaidi walikuwa hai. Kwa zile zenye uzoefu mdogo walikuwa asilimia 33. Si daktari peke yake. Ni wauguzi, wataalamu wa usingizi na chumba cha uangalizi kilichozoea vifua. Kwa mkazi wa Dar es Salaam maana yake ni kutafuta rufaa ya kwenda penye wapasuaji wa kifua, si kupasuliwa popote palipo karibu.

Baada ya upasuaji, adui mkubwa wa siku za mwanzo ni makohozi yanayobaki kifuani na kuleta nimonia. Mgonjwa anaumwa, kwa hiyo hataki kukohoa wala kuvuta pumzi ndefu. Na sisi ndugu, kwa huruma zetu, tunamwambia muuguzi amwache mzee apumzike. Huruma ya namna hiyo inadhuru. Anatakiwa kuketi, kukohoa huku amekumbatia mto kifuani, na kutembea mapema kadiri anavyoruhusiwa, hata akiwa na mpira wa kutoa hewa na damu. Chupa ya mpira huo ibaki chini ya usawa wa kifua. Kama maumivu yanamzuia kukohoa, dai dawa ya maumivu. Kuvumilia si ushujaa hapa. Kutembea pia kunapunguza hatari ya damu kuganda miguuni na kwenda kuziba mishipa ya mapafu. Chakula kiwe zaidi ya uji: mayai, samaki, maharage, maziwa. Aliyekonda sana au mwenye upungufu wa damu aanze kushughulikiwa kabla ya upasuaji.

Naona mjadala wa bima ungekuwa na tija zaidi kama ungeuliza pia kuhusu CT-Scan, kipimo cha kinyama na mtaalamu wa mazoezi ya kupumua, maana hapo ndipo mtu wa Mbagala anapokwama.

Baada ya kuruhusiwa, bodaboda isitumike mpaka daktari aseme. Homa, kidonda kutoa usaha, mguu mmoja kuvimba, mapigo ya moyo kwenda ovyo au pumzi kukata ghafla ni sababu ya kurudi hospitali usiku uleule. Majibu ya kinyama kilichotolewa yafuatiliwe, kwa sababu ugonjwa uliofika kwenye tezi mara nyingi huhitaji dawa za saratani baada ya kisu, na tiba hiyo ina wiki zake. Halafu kuna kliniki za kurudi, kwa kawaida kila miezi sita kwa miaka miwili au mitatu ya mwanzo, pamoja na picha ya kifua, hata kama mgonjwa anajisikia mzima na ameshaanza tena kufungua duka lake.