Namba ya Muuguzi Isitafutwe Kindu Peke Yake

Kijana akimaliza shule ya uuguzi huku kwetu kusini mwa Maniema, jamaa inachinja kuku, akina mama wanapiga vigelegele, na kuanzia jioni ile mtaa mzima unamwita dokta. Jina hilo anapewa bure. Kinachomgharimu ni karatasi ya kuonyesha kwamba Serikali nayo inamjua.

Sheria iko wazi. Tarehe 15 Julai 2016 Kongo ilipata sheria namba 16/015, iliyoanzisha baraza la wauguzi, lile ambalo watu wa kazi wanaliita Ordre tu. Tangu hapo diploma peke yake haitoshi. Muuguzi anapaswa kuandikwa katika daftari la Ordre, apewe namba yake, ndipo awe na haki ya kushika sindano mbele ya mgonjwa. Wenye A2 waliosoma ITM, wenye A1 waliotoka ISTM, wenye A0, wote wanahusika.

Wako wanaosema hiyo ni kodi nyingine juu ya maskini. Hapana. Daftari hilo ni jambo jema, na sisi wagonjwa ndio wa kwanza kulihitaji. Katika soko lolote, kuanzia Kasongo hadi Salamabila, utakuta chumba chenye kitanda kimoja, chupa ya serumu imening'inia msumarini, na mtu mwenye koti jeupe ambaye hakuna anayejua alisomea wapi. Huyo akimzidishia mtoto dozi ya kwinini, mama atamshitaki wapi? Muuguzi mwenye namba ana jina, ana shule, ana baraza linaloweza kumwita na kumuuliza. Asiye na namba akiharibu huhama kijiji, basi, akafungue chumba kingine mbele.

Tatizo liko mlangoni. Mlango wa daftari hilo uko mbali na watu ambao sheria inawaamuru waingie.

Ofisi za afya za jimbo, Divisheni na Inspeksheni, ziko Kindu. Ngazi ya jimbo ya Ordre nayo hutafutwa huko huko. Toka Kasongo hadi Kindu ni zaidi ya kilomita mia mbili za barabara ya udongo, na kila mtu anajua barabara hiyo inakuwaje mvua za Machi na Novemba zikinyesha. Pikipiki inazama hadi kwenye injini, dereva anadai nyongeza, abiria anasukuma. Ukifika Alunguli bado hujafika, mto Lualaba unakungoja uvuke. Aliye Kabambare ndiyo kabisa: huyo kwanza apate njia ya kufika Kasongo, ndipo aanze kuhesabu safari ya mwenzake. Na akifika Kindu anaweza kuambiwa kwamba mwenye kutia sahihi amesafiri, au inakosekana picha moja, au diploma yenyewe haijatoka Kinshasa na cheti cha muda cha shule hakitoshi. Alale wapi? Ale nini?

Tena pesa ya safari hiyo inatoka wapi? Hapa ndipo wakubwa wengi hawataki kuangalia. Muuguzi mpya hayumo katika orodha ya mishahara. Anaitwa NU, mtu mpya asiye na matrikile, na hali hiyo inaweza kudumu miaka. Anaishi kwa kile kidogo kinachogawanywa mwisho wa mwezi kutoka katika malipo ya wagonjwa. Sasa fikiria kituo cha afya ambacho nusu ya wanaopanga foleni ni familia zilizokimbia vita, waliofika na mkeka na sufuria. Hao watalipa nini? Anayewatibu kwa huruma ndiye atakayechelewa kupata nauli ya Kindu. Mwenzake aliyeacha kituo akafungua famasi yake karibu na machimbo ya dhahabu, ndiye atakayepata namba mapema. Utaratibu wa namna hiyo unamwadhibu mwema.

Na muuguzi tunayemzungumzia huku si mtu wa kupima joto na kufunga vidonda tu. Katika kituo cha afya cha kijijini, muuguzi titileri ndiye daktari wa kwanza, na mara nyingi ndiye wa mwisho. Anapokea mgonjwa, anauliza, anapima, anaandika dawa, anazalisha, anaamua saa nane za usiku kama mama apandishwe kwenye pikipiki kwenda hospitali kuu ama angoje kukuche. Katika nchi za jirani kazi ya namna hii ina jina lake na baraza lake. Kenya wanawaita maafisa wa kliniki, nao wana sheria yao ya mwaka 2017 inayosimamia mafunzo, usajili na leseni. Marekani, ambako wasaidizi wa daktari wa kwanza walihitimu mwaka 1967, mhitimu hufanya mtihani wa taifa na kisha huomba leseni ya jimbo anakotaka kufanyia kazi. Huku kwetu kazi hiyo yote imewekwa juu ya mgongo wa muuguzi, bila jina la pekee.

Kasongo ndiyo ingepaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Tangu mwaka 1971, Taasisi ya Tiba za Nchi za Joto ya Antwerp ilifanya hapa kazi iliyojulikana duniani kwa jina la Mradi wa Kasongo. Walichokijaribu kilikuwa rahisi kukisema na kigumu kukifanya: vituo vya afya karibu na watu, muuguzi aliyefundishwa vizuri akiongozwa na maelekezo yaliyoandikwa hatua kwa hatua, na hospitali nyuma yake ya kupokea wagonjwa wazito. Mambo yaliyoonekana hapa yalisaidia kujenga mpango wa zoni za afya, ambazo leo ni 519 katika nchi nzima. Mzee wa Kasongo aliyechanjwa surua utotoni miaka ile ni mtoto wa mradi huo, hata kama hajui. Ndiyo sababu inauma kuona kwamba mji uliosaidia kuonyesha thamani ya muuguzi unamlazimisha muuguzi wake auze mbuzi ili apate namba.

Kuna historia nyingine ya kukumbuka. Wakati wa Wabelgiji, Mkongomani hakuruhusiwa kupanda mbali sana katika udaktari. Alifundishwa kuwa assistant médical, msaidizi wa daktari, akafanya kazi ya daktari bila cheo chake. Uhuru ulipofika mwaka 1960, nchi haikuwa na daktari Mkongomani hata mmoja mwenye diploma ya chuo kikuu. Shirika la Afya Duniani, OMS, likalipia makumi ya wasaidizi hao waende Ufaransa kumalizia masomo, na miaka yao ya kazi ikahesabiwa. Hawakuambiwa kila mmoja ajitafutie nauli.

Sasa wale ambao hali yao ni mbaya kuliko wote: wauguzi ambao wenyewe ni wakimbizi wa ndani. Watu wa Salamabila hawahitaji kusimuliwa. Mapigano ya jeshi na Mai-Mai Malaika, pale karibu na mgodi wa Namoya, yaliwakimbiza watu porini, na nyumba ikiungua diploma haiungui peke yake, inaungua na kadi ya uchaguzi na picha za mahafali. Muuguzi wa namna hiyo akifika mahali pengine anakuwa mtu mwenye ujuzi kichwani na mikono mitupu. Anaogopa kusema yeye ni muuguzi, kwa sababu atadaiwa karatasi. Na katika uwanja ule ule alikolala kuna mama mjamzito anayetafuta mtu wa kumsaidia.

Jina lake halijapotea. Shule alikosoma ina orodha ya waliofaulu. Tume ya mtihani wa taifa ina orodha yake. Walimu wake wako hai, wenzake wa darasa wako hai. Kinachokosekana ni mtu aliyepewa mamlaka ya kupokea ushahidi huo hapa hapa, na kumpa mkimbizi namba ya muda wakati nakala ya diploma inasubiriwa.

Watasema Serikali haina uwezo wa kushuka hadi kijijini. Kila mwaka mtihani wa Serikali unaletwa kwa wanafunzi huku huku, maswali yanafika yamefungwa na kulindwa, na hakuna anayewaamuru watoto wote wa Kabambare waende kuandikia Kindu. Mwaka 2023 CENI ilileta mashine zake kuandikisha wapiga kura, kwa pikipiki na kwa mabega ya watu. Chanjo zinafika katika visanduku vya baridi mahali ambapo gari halifiki. Je, daftari na muhuri ni vizito kuliko friji?

Kusini mwa Maniema kuna zoni sita: Kasongo, Kunda na Samba katika eneo la Kasongo, halafu Kabambare, Lusangi na Saramabila katika eneo la Kabambare. Kila moja ina ofisi yake kuu na daktari mkuu wake, na ripoti za kila mwezi zinapanda Kindu kutoka huko. Faili za wauguzi zinaweza kupanda njia hiyo hiyo. Ofisi ya zoni ipokee karatasi, ihesabu mbele ya mwenyewe, itoe risiti yenye muhuri. Ada itangazwe redioni kwa faranga, hadharani, ili asiwepo wa kuongeza yake mfukoni. Na mara mbili kwa mwaka, katika kiangazi na baada ya mvua kubwa, Ordre itume watu wawili waketi siku chache Kasongo, siku chache Kabambare mjini, wamalize.

Majina yakitoka, yabandikwe kwenye ukuta wa kila kituo cha afya, pale pale zinapobandikwa bei za matibabu. Mama aliyekimbia kutoka Salamabila, asiyemjua mtu hata mmoja katika mtaa aliofikia, amwombe mwanawe anayejua kusoma amwangalizie: huyu anayetaka kumchoma mdogo wako sindano, jina lake lipo hapo?