Tumetibiwa saratani, msitukalishe mkekani

Kwa miezi minne baada ya kukatwa titi la kulia, niliandika ubaoni kuanzia katikati kwenda chini. Mkono haukupanda juu ya bega. Wanafunzi wangu hapa Makamba walidhani mwalimu kabuni mtindo mpya.

Siku ya kutoka hospitali niliambiwa mambo mawili tu: pumzika, usibebe kitu. Nyumbani mawifi wakaninyang'anya hata kikombe. Ulikuwa upendo, sikatai. Lakini upendo ule uligandisha bega langu na kuninyima usingizi.

Hivi nani kasema aliyemaliza matibabu akae tu? Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaowataja hata waliopona saratani: dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Kuhusu kubeba, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 uliwafuatilia wanawake 141 waliovimba mkono baada ya saratani ya titi. Walionyanyua vyuma, wakianza na vyepesi na kuongeza polepole chini ya uangalizi, hawakuzidi kuvimba kuliko wenzao.

Tatizo ni kwamba ukitaja mazoezi huku kwetu, watu wanafikiria mbio za Jumamosi, raba na vijana wakiimba barabarani. Mama Mwislamu wa Rumonge hatavaa bukta. Mkulima anayejua Kirundi tu hataelewa karatasi ya Kifaransa. Sisi tuliorudi kutoka kambini tunaficha ugonjwa, maana kuitwa mzigo tulishaitwa vya kutosha. Naye mfanyabiashara anayepita Manyovu na dagaa wake atakuuliza: mwalimu, mimi natembea kutwa, mazoezi ya nini tena?

Ana haki ya kuuliza. Kutembea kwake ni mazoezi kamili. Ila asirudie gunia zima kwa siku moja. Aanze na mzigo mdogo, aongeze taratibu, na mkono ukivimba amwone muuguzi.

Kule Mtabila, Kasulu, nilikosomea, akina mama walikwenda kutafuta kuni kwa makundi kwa ajili ya usalama. Aliyechoka alisubiriwa. Ndivyo tunavyofanya sasa, wanawake watano, Jumanne na Ijumaa, kwa kanga zetu na ndala zetu hadi sokoni na kurudi. Mmoja wetu hajui Kiswahili, mwingine hajui Kirundi vizuri. Tukifika kwangu tunasimama ukutani na kupandisha vidole kidogo kidogo, kila mmoja akiweka alama ya mkaa pale alipofika. (Mume wangu analalamikia chokaa yake.)

Wauguzi nawaomba kitu kimoja: kabla mama hajatoka wodini, mwonyesheni zoezi hilo la ukutani, kwa lugha anayoisikia, na mwambieni aanze lini. Nanyi mawifi, turudishieni vikombe.