Raba Haipimwi kwa Bei

Hapa Songea ukitaja raba, mtu anakuangalia miguuni. Ukitaja michezo, anakuuliza habari za Majimaji. Leo, ndugu msomaji, niruhusu nizungumzie raba nyingine, ile inayobandikwa kwenye raketi ya mpira wa meza. Naamini ndiyo inayowaangusha vijana wetu kabla hata mchezo haujaanza.

Wengi wetu tunapima raba kwa bei na kasi. Mtu anashika raketi mpya, anagonga, mpira unaruka kama jiwe la manati, basi anasema hii kali! Hapana jamani. Kasi hata ubao mtupu unayo. Kazi ya raba ni kuung'ang'ania kwa kufumba na kufumbua mpira ule wa gramu 2.7 na kuuzungusha. Mpira unaozunguka hupinda hewani, hubadilika ukigusa meza, na humchanganya anayeupokea.

Raba si jambo dogo. Mwaka 1952 kule Bombay, Mjapani Hiroji Satoh alitwaa ubingwa wa dunia kwa raketi ya sponji, wenzake wakiwa na raba ngumu za vipele. Walizoea kusikia mlio wa mpira ukigongwa. Kwake hawakusikia kitu. Baadaye wakubwa wa mchezo wakaweka mipaka: raba, sponji na gundi kwa pamoja visizidi milimita 4.

Sasa tunaipimaje? Kuna wanaogandamiza mpira kwenye raba kisha wanageuza raketi. Mpira ukining'inia, wanashangilia. Kipimo hicho kinadanganya. Raba za Kichina kama Hurricane 3 ya DHS zinanata kweli, lakini Tenergy 05 ya Butterfly hainati hivyo na bado inazungusha balaa.

Mimi natumia njia ya kienyeji. Naanzisha mpira mfupi, nikiukata kwa chini, na upande wa pili hasimami mtu. Raba ikiwa hai, mpira unadunda kule kisha unarudi kuelekea wavuni wenyewe. Ikiwa imekufa, unajiendea zake mpaka sakafuni. Narudia mara kumi, kwa mkono uleule na mpira uleule, ndipo naijaribu raba nyingine.

Halafu kuna vumbi letu. Miezi ya kiangazi, vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya ukumbi uliofungwa madirisha, na raba inayonata hulizoa kama pipi iliyoanguka chini. Kwa hiyo ukiona mpira haurudi, usiitupe raba kwanza. Ifute kwa sponji yenye maji kidogo, iache ikauke, jaribu tena. Mpira ukirudi, lilikuwa vumbi. Usiporudi, na raba inang'aa au imeanza kupasuka, hiyo ni marehemu. Na raba huzeeka hata bila kuchezewa. Jua na hewa vinaila. Zile raketi zilizokwisha kubandikwa raba, zinazoning'inia dirishani mwa duka mwaka mzima zikipigwa jua, unanunua maiti kwa pesa taslimu.

Hapo ndipo ninapokereka. Mwanafunzi anajifunzia raketi ya aina hiyo miaka minne. Anazoea kugonga tu, kwa sababu raba yake haiwezi kitu kingine. Siku akienda UMISSETA na kukutana na kijana mwenye raba hai, kila mpira anaougusa unapaa darini. Tunarudi nyumbani tukisema hana kipaji. Tumejuaje?

Ombi langu kwa wanaonunua vifaa vya shule: acheni maboksi ya raketi za bei chee. Nunueni vibao vichache vizuri vya mbao, kisha raba pekee za bei ya kati, zenye sponji ya milimita 1.5 hadi 1.8, mzibadilishe kila mwaka. Kwa anayejifunza, raba ya kawaida iliyo mpya inaishinda ya kifahari iliyozeeka. Najua wapo watakaosema 2.1 ndiyo ya wanaume. Waanzishe mpira tuone kama unarudi wavuni.

Na kama kuna mdau anapanda basi kutoka Dar wiki hii, namwomba anibebee mbili za 1.8, nyekundu na nyeusi. Gundi ninayo.